Aliitazama Video Yangu Mara Arobaini na Moja

"Umemcheka mume wangu, mwanangu. Na huu ni mwezi wa nne yuko kaburini."

Nilikuwa nimesimama katikati ya karakana ya samani, kompyuta kwapani, bei nimeshaiandaa. Nikakosa pa kuweka macho.

Ngoja niwaeleze nilifikaje hapo. Sitajipamba.

Mimi natengeneza kurasa za mtandaoni za biashara ndogo. Sina ofisi, sina mwajiriwa. Fundi ni mimi, mtafuta wateja ni mimi, na wa kutukanwa pia ni mimi.

Njia yangu ya kuuza ni moja. Nafungua ukurasa wa biashara yako, narekodi skrini ya kompyuta yangu huku nikiongea: hapa pamekosewa, hapa panafukuza wateja, hapa ningefanya hivi. Dakika tatu tu. Kisha nakutumia kiungo kwenye simu.

Kiungo kile kina jambo ambalo wengi hawalijui. Kinaniambia umeifungua video mara ngapi, na sehemu gani umeirudia.

Wengi hufungua mara moja. Wengine hawafungui kabisa.

Karakana ya samani ilifungua mara arobaini na moja.

Nilimwonyesha dada yangu, ninayeishi naye.

"Arobaini na moja?" akasema, huku akiendelea kupiga nguo pasi. "Huyo hataki ukurasa. Anataka kuleta posa."

"Dada, hizi ni takwimu."

"Takwimu hazina mdomo. Mpigie simu umuulize."

Sikupiga. Kwa hesabu zangu, jibu nilikuwa nalo. Marudio yote yalikuwa sehemu moja, dakika ya pili. Hapo nilikuwa nimefungua video ambayo fundi seremala alijirekodi na kuiweka kwenye ukurasa wake kuwakaribisha wateja, nami nikawa naeleza kwa nini haifai. Nikahitimisha kwamba mteja anataka video mpya ya makaribisho. Nikapanga bei, nikafunga safari.

Nilimkuta mwanamke wa makamo akipiga msasa mguu wa kiti. Nyuma yake palikuwa na kabati lisilo na milango, limefunikwa shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti yako naijua," akasema. "Wewe ndiye wa video."

Nikatabasamu. Ndugu zangu, nilitabasamu!

"Nimeona umeitazama sana, mama. Hasa pale kwenye makaribisho. Tunaweza kumrekodi mzee upya, safari hii asiongee kama anayesomewa mashtaka."

Akaweka msasa chini. Ndipo akaniambia maneno yale niliyoanza nayo.

"Pole, mama... sikujua."

"Ungejuaje? Hukuuliza." Akavuta kiti kingine. "Kaa. Kiti hicho ni kizima, alikimaliza mwenyewe."

Nikakaa.

Mumewe alikufa kwa ajali barabarani. Simu yake haikupatikana.

"Laini niliirudisha," akasema. "Vilivyokuwemo havikurudi. Picha, sauti zake, vyote. Hata huo ukurasa sikujua kama bado upo, mpaka uliponitumia video yako."

"Video ya makaribisho hukuwahi kuiona?"

"Alijirekodi humu ndani, peke yake. Nikamwambia nionyeshe, akaona haya. Akasema nitaiona siku nikinunua simu ya maana." Akacheka kidogo. "Simu nimenunua."

Akaitoa na kufungua video yangu, akaipeleka dakika ya pili bila kubahatisha.

Fundi akatokea. Mtu mpana, penseli sikioni, midomo inacheza. Lakini sauti iliyosikika ilikuwa yangu, imeifunika yake.

"Mzee huyu anaongea kama kalazimishwa," nikasema mle ndani, nikacheka. "Hii tuifute kwanza."

Kisha nikanyamaza, natafuta kitufe. Na hapo, kwa mara ya kwanza, fundi akasikika:

"...mbao ni zangu, rangi ni ya mke wangu."

Halafu mimi tena, nikiendelea na ushauri wangu.

Sekunde nne. Mama alikuwa amerudia sekunde nne nilizofunga mdomo.

"Basi mfungulie mama ukurasa wenyewe," nikajiambia. Nikawasha kompyuta. Ukurasa haukufunguka. Ada ya mwaka ilikuwa imeisha, umefungwa. Baadaye wenye mtambo uliohifadhi ukurasa ule waliniandikia kwamba vilivyokuwemo vilishafutwa. Fundi wa sauti niliyempelekea rekodi yangu naye alinijibu kwamba sauti yangu na ya marehemu zimechanganyika kama maji na maziwa. Lakini pale karakanani sikuhitaji kuambiwa.

"Mwanangu," akasema mama, taratibu. "Nina swali moja tu. Kabla ya hapo alikuwa anasema nini?"

Nikafunga kompyuta.

"Wewe ulikuwa na video yenyewe. Ulimsikia. Alisema nini?"

Nilijaribu. Nakiri mbele yenu kwamba nilifikiria pia kutunga. Sentensi moja tamu, kwamba alimtaja mkewe, alimshukuru. Angeibeba maisha yake yote, na hakuna ambaye angenikamata.

"Sikusikiliza, mama. Nilikuwa naongea."

Akaokota msasa, akaurudia mguu wa kiti.

"Haya," akasema. "Nenda salama."

Hakunifukuza. Angenifukuza ningepata nafuu.

Wenzangu mnaouza peke yenu kwa video kama hizi, mnaohesabu waliofungua na waliorudia: namba ilinionyesha sekunde kamili ambayo mama yule aliijali. Ilikuwa sahihi. Mimi nikaijazia sababu kutoka kichwani mwangu, nikaenda kumuuzia.

Siku hizi napiga simu kwanza, nauliza. Na kitu cha mtu kikianza kusema kwenye skrini yangu, nakiacha kimalize ndipo nifungue mdomo.

Kwa saa ya rekodi yangu, mtu yule aliongea sekunde ishirini na tatu. Duniani nilikuwa msikilizaji wake wa mwisho, na mbali na zile sekunde nne, sikumbuki hata neno.