Kilemba cha Kwenda Kamachumu

"Usijiangalie kwanza," Jovitha alisema, akakigeuza kioo kikatazama ukuta.

Felicitas alikinyakua, akakigeuza, akajiangalia.

Mbele, kwenye mvi, nywele zilikuwa rangi ya chungwa. Katikati, palipokuwa na dawa ya zamani, palibaki peusi tii. Nyuma palifanana na bati lililoshika kutu. Na chini ya hayo yote, ngozi ilikuwa inawaka moto.

"Jovi, nimekwisha."

"Ulichanganya nini na nini?"

"Ile nyeusi ya unga iliyobaki, na hii ya kahawia niliyonunua sokoni. Ya kahawia peke yake isingetosha."

"Ukakaa nayo mpaka lini?"

"Mpaka ilipoanza kuchoma. Nikadhani ndiyo inakolea."

Jovitha, jirani yake wa mlango wa pili pale Hamugembe, alitaka kucheka. Alipomwona mwenzake usoni, akakimeza kicheko.

Felicitas alianza kuota mvi akiwa sekondari, ni za ukoo wa baba yake. Lakini Avit, mwanamume aliyempenda kwa miaka miwili, hakuwahi kukiona kichwa chake bila dawa. Na kesho yake, Jumapili, Avit alikuwa anampeleka kwao Kamachumu, kule Muleba, akaonwe na mama yake. Mama Magdalena alikuwa amefiwa na mumewe, yuko kwenye maombolezo na hatoki nyumbani. Kwa hiyo anayetaka kuolewa na mwanawe anamfuata huko huko.

Hilo peke yake lingetosha kumnyima mtu usingizi. Restituta, dada yake Avit, akaongeza chumvi kwa ujumbe wa simu:

"Wifi, mama amesikia wewe ni mkubwa kuliko kaka. Jiandae."

Basi Felicitas akajiandaa. Aliona nyeusi tii itatiliwa shaka, akatafuta kahawia ili aonekane binti. Matokeo ndiyo hayo.

"Si ufunge kilemba tu? Au nikuazime wigi langu," Jovitha alisema.

"Vyote vitavuliwa. Shangazi yao, Kokushubila, humvua kila binti anayeletwa pale. Avit mwenyewe alinisimulia akicheka."

"Basi usuke."

"Gusa hapa."

Jovitha akagusa kwa ncha ya kidole. Felicitas akaruka. Kichwa kilichoungua hakisukwi.

"Saluni?"

"Hela yote imekwenda kwenye gauni na kitenge cha mama mkwe."

"Na dawa nyingine hatuweki. Ukiongeza juu ya hiyo, nywele zitabaki mkononi." Jovitha akafikiri. "Baba yako si alikuletea kahawa kutoka Rubafu? Tuichemshe nzito tukusuuzie."

Waliichemsha, wakaiacha ipoe, wakamsuuza nayo juu ya beseni, wakarudia. Lile chungwa likafifia, likawa rangi ya udongo. Walianza kupata matumaini. Felicitas akajifuta jasho kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kikatoka na rangi ya kahawia.

"Jovi, kesho nikipigwa na jua hii itanitiririka mpaka shingoni. Mbele ya mama yake."

Jovitha akalimwaga beseni. Kisha akasema taratibu:

"Basi imebaki mashine."

Faruku, kinyozi wa pale karibu na njia ya bodaboda, alipomwona anaketi alizima redio.

"Pole na msiba, dada."

"Sijafiwa."

"Mwanamke akija kunyoa kipara huku analia, mimi naanza na pole."

Akawasha mashine. Felicitas akafumba macho mpaka mwisho.

Kesho yake Avit alikuja na gari la kuazima. Alikuwa amevaa shati jipya, na furaha imemjaa.

"Kilemba kimekupendeza. Mbona kimya?"

"Nimechoka."

Haukuwa uchovu. Alikuwa anaogopa. Kila kilima walichopanda kuelekea Muleba alisema moyoni, hapa nitamwambia, na kila kilima kikapita. Mwishowe akajikaza.

"Avit, kama kuna kitu nilikuficha..."

"Una mume?"

"Hapana."

"Mtoto?"

"Hapana."

"Basi kitasubiri tukirudi. Leo usinitie presha, mimi mwenyewe naogopa."

Na Felicitas, kwa uoga wake, akafurahi kuambiwa kitasubiri.

Nyumba ilikuwa katikati ya migomba. Ndani, wanawake walikuwa wameketi kwenye mkeka, Restituta akiwa karibu na mlango. Mama Magdalena alikaa ukutani, kitambaa cheusi mabegani, kichwa chake kimenyolewa kwa msiba. Felicitas akapiga magoti kusalimia. Ikaletwa akamwani kwenye kikapu kidogo, kahawa ya kutafuna wanayopewa wageni. Kabla hajaweka punje mdomoni, mkono wa Kokushubila ulikuwa umeshafika.

"Waitu, jamani, tumwone mwenzetu vizuri."

Kilemba kikatoka.

Wote wakakitazama kile kipara. Felicitas akangoja kufukuzwa.

Mama Magdalena ndiye aliyeanza, na alianza kwa kulia.

"Amenyoa," alisema. "Mnaona? Wakwe zangu wengine walikuja msibani na mawigi yao. Huyu hakumjua hata mzee, lakini amenyoa kumlilia. Kasinge, asante mwanangu. Kasinge."

Wanawake wakaitikia. Mmoja akajifuta machozi. Kokushubila, yule yule wa kuvua watu vilemba, akamshika Felicitas bega kwa upole. Simu ikatetemeka mapajani. Ulikuwa ujumbe wa Avit, aliyeketi ng'ambo ya chumba:

"Sijui umenyoa kwa nini ila KUBALI. Nakuomba."

Kukubali ilikuwa kuitikia kwa kichwa tu. Angeitikia, ndoa ingekuwa yake siku ile ile. Akamtazama yule mjane, macho mekundu, anamtazama kwa shukrani. Felicitas akaogopa kuliko alivyoogopa tangu jana.

"Mama, nisamehe. Sikunyoa kwa ajili ya mzee."

Avit akafumba macho.

"Nina mvi. Ninazo tangu shule, nazificha kwa dawa, hata Avit hajui. Nilisikia mnasema mimi ni mkubwa kuliko yeye. Nikapaka rangi nyumbani, ikaharibika, ikanichoma. Sikuwa na hela ya saluni. Nikanyoa."

"Binti," Kokushubila alisema, na ule mkono ukatoka begani, "umekaa ukaacha mjane amwage machozi juu ya dawa ya nywele?"

"Kokushubila, mwache," Mama Magdalena alisema. "Wewe, inama hapa."

Felicitas akainama. Kiganja kikapita juu ya kichwa chake polepole, kikakwepa palipoungua.

"Kweli, zinazochomoza ni nyeupe. Na umri?"

"Avit amenipita mwaka mmoja, mama."

Mama Magdalena akamtazama Restituta. Restituta akaanza kuzipanga upya punje za kahawa kikapuni.

"Na wewe Avit, nimekuona na simu, ulikuwa unamwandikia nini?"

Avit alikohoa. "Nilimwambia akubali, mama. Niliogopa utamkataa."

Mama Magdalena alirudisha macho kwa Felicitas. Felicitas alihesabu kwamba amewapoteza mume na mama mkwe kwa pigo moja.

"Tangu baba yenu afariki," mama alisema hatimaye, "humu ndani kila mtu ananiambia la kunipendeza. Daktari alijua, nyinyi mlijua, mimi nikaambiwa atapona. Nikapika ndizi zake mpaka siku ile. Sikumuaga." Akajifuta uso kwa kitambaa cheusi. "Huyu angeitikia tu, ningempenda mpaka kufa. Akachagua kuniumiza kwa ukweli. Nitaishi na mtu wa namna hiyo."

Avit akainamisha kichwa. Kokushubila akatazama pembeni.

"Na wewe usipake tena kitu," mama alimwambia Felicitas. "Ziache ziote pamoja na zangu. Tuone za nani nyeupe zaidi."

Hapo Felicitas akalia. Kilio cha jana na cha njiani vyote vilitoka pale, mbele ya watu, na wala hakuona aibu.

Walipoaga, Avit alikuwa bado hajamtazama vizuri. Mlangoni akasimama, akaweka kiganja juu ya kile kichwa kitupu, kwa uangalifu kama mama yake.

"Kinauma?"

"Kinauma."

"Nisamehe ule ujumbe."

"Nisamehe miaka miwili."

Akakumbuka kilemba, akageuka kukichukua. Mama Magdalena alikuwa ameshakikunja, amekiweka mapajani.

"Hiki kinabaki hapa," alisema. "Utakichukua ukija kukaa."