Plasta Ndani ya Kompyuta

Kompyuta mpakato ililala kifudifudi mezani, tumbo wazi, na mwenyewe alisimama pembeni kama mfiwa. Diski ngumu haikuwemo. Mahali pake palikuwa na SSD mpya, diski ya kisasa yenye kasi zaidi, nyembamba na nyepesi.

Mwenyewe alikuwa msanifu majengo. Alieleza kwamba alirudi kutoka safari ya kikazi, akaiwasha, na kabla hajavuta kiti ikawa imeshawaka. Siku zote ilimpa nafasi ya kumaliza kikombe cha chai. Akaingiwa na hofu, akaifungua, akawaita polisi. Faili zake zote alizikuta, lakini diski ya zamani ilibeba michoro ya soko jipya. Mshindani akiipata, zabuni imekwenda na maji.

"Mwizi gani anaacha kitu bora kuliko alichochukua?" aliuliza Inspekta aliyekuja kuchunguza.

"Mwizi mjanja. Na namjua."

Alimtaja fundi wa kompyuta wa pale kona, aliyewahi kumshauri kwamba ile diski imechoka, aibadilishe. Kwa maneno hayo tu, askari wa zamu walikuwa wamemtia fundi mahabusu tangu asubuhi. Wateja walishaanza kwenda kibandani kwake kudai mashine zao. Jina la fundi hujengwa kwa miaka, na la huyu lilikuwa linabomoka mchana kweupe.

Wenzake walimwita Inspekta huyu Kupe, kwa kuwa akishika haachii. Mtu mwingine angenuna. Yeye alijivunia jina hilo kuliko nyota za begani.

Mtaalamu wa alama za vidole alirudi mikono mitupu. Ndani hamkuwa na alama hata moja, ila unga mweupe kidogo, ule wa glavu za mpira. Kupe akainama. SSD ilikuwa nyembamba kuliko diski iliyotolewa, basi nafasi iliyobaki ilizibwa kwa kipande cha kadibodi, kikabanwa kwa plasta ya hospitali. Ncha ya plasta ilikunjwa, ili atakayeibandua asihangaike.

Akaipeleka kompyuta kituoni, akamwonyesha fundi.

"Kazi yako hii?"

Fundi akachungulia, akasonya. "Plasta? Afande, mimi naweka fremu yake maalumu ya kuishika. Nifunge ukitaka, lakini usinipakazie kazi ya plasta."

"Kwani imefanywa vibaya?"

Fundi alisita. Alikuwa na kiburi cha ufundi, lakini hakuwa mwongo. "Hapana," alikiri. "Kila skrubu imerudi mahali pake, hakuna hata moja iliyochubuka. Huyu mikono yake inajua kazi."

Kupe aliwahi kulazwa hospitali kwa risasi ya paja. Alijua ni watu gani hukunja ncha ya plasta: wale waliozoea kufikiria ngozi ya mwenzao siku ya kuibandua. Akarudi kwa msanifu, akauliza nani mwingine anaishi pale.

"Mama yangu tu. Sijamwambia kitu, asije akapanda presha. Amestaafu. Hata kisu namwekea mbali, mikono imezeeka."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Upasuaji."

Kupe hakungoja kuruhusiwa.

Mama alikuwa chumbani kwake, amekaa wima kitini. Kupe akamwamkia, akaiweka kompyuta mbele yake na kumuuliza ni nani aliyeifungua.

"Mimi," alijibu bila kupepesa macho. "Na nikaifunga."

Alisimulia yote, na sauti yake ilizidi kupata nguvu. Mwanawe alipokuwa safarini alitazama video za mafundi, akairudia kila moja mpaka akashika. Kwanza alinakili kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya, kwa sababu, alisema, humfungui mgonjwa kama hujui utamfungaje. Akachomoa waya wa betri, akagusa chuma kuondoa umeme mwilini, ndipo akashika bisibisi. Kisha akafungua kabati, akatoa chupa safi ya maabara, yenye mdomo mpana. Ndani yake ilikaa diski ya zamani. Kinachotolewa, alisema, huwekwa ndugu wakione.

Msanifu alikuwa amesimama mlangoni. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ungesema nisiguse. Kikombe nisiguse, kitavunjika. Kisu nisiguse, nitajikata. Mwanangu, mikono hii imepasua watu, wakaamka, wakaenda kulea watoto wao. Nilitaka uone kwamba bado ipo. Nikangoja useme, mama, imepona. Ukaita polisi."

Msanifu alikosa pa kuficha uso. Lakini Kupe alipotaja mahabusu, aliyeshtuka ni mama. Akavaa viatu, akatangulia.

Fundi aliachiwa. Kwa amri ya mama, msanifu alimwomba radhi pale pale kibandani, mbele ya wateja, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Mama akaomba aonyeshwe hiyo fremu. Fundi akampisha kwenye kiti chake, na walioshika mashine zao wakazirudisha mezani.

Kesi ilikufa, lakini maelezo lazima yaandikwe. Kupe akafungua jalada juu ya meza ya fundi, akauliza kazi ya mama.

"Daktari wa upasuaji," msanifu alidakia.

Kupe akaandika. "Mstaafu?"

Msanifu alimtazama mama yake, ambaye alikuwa ameinamia mashine ya mtu, bisibisi mkononi.

"Hapana, afande," alisema. "Ishia hapo hapo."