Mke wa Kuchekeshea Wageni

"Umewaambia nini wale mama wawili wa asubuhi?" akauliza Dada Nanasi, mkata nanasi wa shambani.

Profesa, mtembeza wageni, akasema ni yale yale ya kila siku: mnara wa taa, pango la popo, halafu huku shambani waonje nanasi.

"Na mimi?"

"Kama kawaida. Huyu mkata nanasi ni mke wangu, ndo maana nimekonda. Ila wale hata hawakucheka."

Wangecheka vipi? Mmoja alikuwa mama wa mchumba wa huyu dada, mwingine shangazi wa huyo mchumba. Walilipa kiingilio kama watalii ili wamwone mkwe wao akiwa kazini, kimyakimya. Dada Nanasi hakuwajua kwa sura. Akampa Profesa simu asome mwenyewe ujumbe waliomtumia.

"Mumeo tumemwona. Posa tumeifuta. Usimtafute kijana wetu."

Profesa akaanza kujitetea, eti ni utani wa kazi, hata Dada Nanasi mwenyewe huwa anacheka. Kweli, alikuwa anacheka. Zamani alicheka huku anangoja Profesa auseme utani ule kwa dhati, siku wageni hawapo. Haukusemwa. Akaja mwanamume mwingine na posa, akakubali, basi. Sasa alijitafuta kama ana hasira, hakuipata. Machozi nayo hakuna. Alikuwa kama mkono uliolaliwa.

"Wapigie. Sema ukweli."

Akapiga, akaweka spika. Shangazi akapokea.

"Shikamoo mama. Mimi yule wa mnara wa taa. Yule binti si mke wangu, sijamshika hata mkono. Huwa nawatania wageni wote hivyo."

"Wageni wote? Na kwa nini yeye, siyo yule wa tiketi?"

Mtu anayeweza kuongea kuhusu popo mpaka watoto wa watu walie njaa, akaanza kuokota maganda ya nanasi.

"Kijana, nimekuuliza."

"Kwa sababu nampenda, mama."

Shangazi akaguna, simu ikakatika.

"Ulisema niseme ukweli," Profesa akanong'ona.

Dada Nanasi akamtazama weee, kama anayesoma kibao cha njia.

"Umewaambia watalii. Sasa umemwambia na shangazi wa watu. Baba yangu yuko nyumbani, hujawahi kumwambia kitu."

"Twende wote?"

"Nenda wewe. Mimi nimechoka."

Profesa akavua kofia ya kazi, akauliza aanzeje.

"Anza unavyotaka," akasema. "Ila safari hii asicheke mtu."