Jani la Sale Mkononi mwa Mzungu

Mwaka ule serikali ilikuwa imekwisha kutaifisha shamba la kahawa la Bwana Hadli, na Mwingereza mwenyewe alishafunga virago akarudi kwao. Jioni moja, jua likizama upande wa Sanya Juu, Mwalimu Thadeus wa kwaya ya Kirua Vunjo alishika njia kwenda kwenye nyumba ile tupu, kuomba kinanda cha nyuzi kilichoachwa humo. Pasaka ilikuwa inakaribia, na kwaya isiyo na kinanda ilimnyima usingizi.

Tatizo lilikuwa Yoramu, mzee aliyelinda nyumba. Kwenye mkutano wa kijiji Thadeus alimwita mwizi mbele za watu, kisha ikaonekana si kweli. Kwa hiyo alipofika mpakani mwa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, alivunja jani la sale, mmea wanaoupanda kuwa mpaka. Mchagga akikuletea sale amekuja kuomba radhi, na ukilipokea yameisha. Hata kama moyo bado unachemka, utafanyaje?

Alipokaribia baraza akasikia nyuzi.

Ting... ting... ting...

Sauti nyembamba, ya waya unaodonolewa kwa ukucha. Thadeus akafurahi, masikini. Alidhani mzee amejifunza kupiga. Barazani giza lilikuwa limeanza kuwa zito. Akamwona mtu ameketi, kajifunika. Akapiga goti, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Nimekosa. Pokea."

Nyuzi zikanyamaza.

Mkono ukatoka gizani ukalichukua jani. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, na pete kila kidole. Harufu ya nta na ya mbwa aliyelowa ikamjaa puani. Thadeus akainua macho. Shingoni mwa mtu yule palikuwa na kola nyeupe, iliyokunjwakunjwa, pana kama sinia. Juu ya kola, uso wa Kizungu, mkavu... ukitabasamu.

"Mwalimu," sauti ikanong'ona nyuma yake. "Unampa nani hilo sale?"

Alikuwa Yoramu, amesimama kwenye ngazi na taa ya chemli mkononi.

Thadeus alipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu. Jani halikuwepo.

Sura ile wote wawili waliijua. Picha yake ilining'inia sebuleni miaka yote: babu wa mababu wa Bwana Hadli. Thadeus alipokuwa kijana, akifundishwa kinanda na bwana huyo, alisimuliwa habari zake. Babu huyo aliishi Uingereza enzi za Malkia Elizabeti wa Kwanza, karibu miaka mia nne nyuma, akazeekea chini ya Mfalme Jemsi. Ardhi yake haikuonekana mwisho, na muziki aliupenda kuliko alivyowapenda watu. Mke, mpishi, mchunga kondoo, wote sharti waimbe mezani pake. Aliyetoroka kwenda kumzika mama yake alifuatwa kwa farasi, akarudishwa kumalizia wimbo. Babu huyo alipokufa, watoto wake walimzika kimya. Hakuna aliyekubali kumwimbia.

Thadeus alirudi nyumbani mbio, kinanda hakukigusa. Mgombani alimkuta mkewe, Leonia, akikata majani ya ng'ombe huku anaimba. Leonia ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, na ni sauti hiyo iliyomfanya Thadeus ampende hata akamwoa. Lakini wimbo huu si Thadeus aliyemfundisha.

"Umeutoa wapi?"

"Sijui, mume wangu. Umekuja tu."

Hakunyamaza tena. Aliimba akipika mtori, aliimba usingizini. Jumapili, wakienda misa, alifika kwenye mpaka wa masale, miguu ikagoma.

"Nivute," alinong'ona akipumua kati ya ubeti na ubeti. "Thadeus... nivute."

Thadeus alikimbilia kwa Padre Wenseslaus, aliyekuwa amesoma sana historia ya Wazungu huko seminari. Akamweleza yote.

"Jani ulilivunja wapi?" padre akauliza.

"Kihambani kwangu."

"Na mtu alikuona ukilitoa?"

"Mzee Yoramu."

Padre akakaa chini. "Kwao Uingereza, zamani zile, mtu akitoa ardhi yake hakuhitaji karatasi. Alivunja kitawi cha shambani, akamkabidhi mwenzake mkononi, shahidi akiona. Imekwisha. Wewe uliomba radhi, Thadeus. Yeye alipokea shamba. Na kwa tabia yake, chochote kinachoimba humo atakihesabu chake."

Thadeus hakujua acheke au alie. Mlima mzima Wazungu walikuwa wamenyang'anywa mashamba, na yeye, kwa adabu zake nzuri, amempa mmoja wao kihamba walimozikwa baba zake.

Padre alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Wimbo ukaendelea. Mwishowe Emilian, kaka yake Leonia, akasema, "Shemeji, tumbebe." Wakambeba. Alipiga yowe njia nzima... na katikati ya masale yowe likakatika. Upande wa pili Leonia alifumbua mdomo, ikatoka pumzi tu.

Nyuma yao, mgombani, sauti yake iliendelea kuimba.

Walihamia Majengo, mjini chini ya mlima, chumba cha kupanga. Leonia akawa bubu. Thadeus naye, kila alipopata nafasi, alipanda Kirua jioni, akasimama nje ya mpaka kusikiliza. Alimkumbuka mkewe mno, ilhali mkewe yuko nyumbani anamngoja. Akirudi, Leonia humshika mkono na kumkazia macho.

"Leo umeimba vizuri," Thadeus humwambia, naye hutabasamu kidogo. Maneno hayo ndiyo yaliyowabakia.

Halafu ikaja jioni ambayo ukungu ulishuka mapema. Wimbo ulikuwa mpya, wa sauti mbili, lakini sauti ya pili haikuwepo. Kila ulipofika mahali pake, sauti ya Leonia ilinyamaza... ikangoja... ikarudia tena. Mwalimu wa kwaya atavumiliaje pengo kama lile? Alipojitambua alikuwa ameshavuka masale, yuko katikati ya migomba, anaimba naye.

Ilikuwa tamu. Hakuwahi kuimba vile maishani mwake.

Kisha akasikia kicheko kidogo, na harufu ya nta. Akatoka mbio, akateremka mlima bila kutazama nyuma, hadi Majengo.

Leonia alifungua mlango. Akamshika mkono, akamkazia macho, akingoja kuambiwa.

Thadeus akafumbua mdomo, ikatoka pumzi tu.

Leonia akaendelea kungoja.