Mashine ya Mwinyimvua Haikuwa na Injini

Haya yalimpata mjomba wangu Mfaume, kaka wa mama yangu, mwaka 1993. Hakupenda kuyasimulia. Mimi niliyasikia siku moja tu, tukimenya mihogo ya futari, na tangu hapo hakuyarudia.

Wakati huo mjomba alikuwa fundi wa pampu za maji pale Kibiti. Alifanya kazi na kijana kutoka Denmark aliyekuja kujitolea, jina lake Jens. Sisi tulimwita Yensi. Alikuwa mrefu, mcheshi, anakula chochote, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga ila hakuona haya kukitumia. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Ijumaa. Asubuhi hiyo akaja kwa mjomba mikono mitupu.

"Fundi, leo pampu hapana. Nionyeshe mji."

Mjomba akampeleka Kitunduni, mji mdogo wa upande wa Salale, katikati ya mikoko. Yeye mwenyewe alikuwa hajafika huko tangu utotoni. Walipanda boti ya abiria Nyamisati, saa nne wakashuka. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka ambayo zamani yaliuza chumvi na viberiti sasa yalijaa sabuni za kunukia, redio na khanga za kila rangi. Yensi akanunua kofia ya ukindu, akaivaa upande. Akala vitumbua kwa mama mmoja aitwaye Mwanamina, akavisifia mpaka mama wa watu akacheka kwa aibu.

Nyuma ya maduka kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, inavuma bila kupumzika. Mwanamina akawaambia ni ya tajiri Mwinyimvua. Ile ya ushirika ilikufa zamani. Hii mpya haikuwahi kusimama hata siku moja.

"Wala sijaona dizeli ikishushwa," alisema, kisha akainamia jiko lake.

Yensi akatega sikio. "Fundi, hii si sauti ya injini. Na moshi uko wapi?"

Adhana ikasikika. Wanaume wakaenda msikitini, milango ya maduka ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Mjomba akachukua kopo la maji, akachutama pembeni kutia udhu. Alipoinuka, Yensi hayupo.

Alimkuta kwenye ghala la mabati, anachungulia kwenye upenyo wa mlango. Yensi hakugeuka. Alinong'ona tu.

"Njoo uone."

Ndani, mkanda wa mashine ulikuwa unazunguka. Mahali pa injini palikuwa na saruji tupu na nati nne zenye kutu. Mkanda ulikwenda mpaka kwenye gurudumu kubwa la chuma lenye mipini, na gurudumu hilo lilizungushwa na watu. Watu sita. Wamevaa magunia. Hawakuwa na jasho. Hawakuhema. Pumba zilikuwa zimewaganda kwenye macho yaliyo wazi, na hakuna aliyepepesa.

Yensi akausukuma mlango. Alidhani wamefungiwa mle na kufanyishwa kazi kwa nguvu. "Hawa wagonjwa!" akasema kwa hasira, akamshika mkono mwanamke aliyekuwa karibu naye ili amtoe nje.

Mjomba akautazama mkono ule. Dole gumba la kushoto lilikuwa nusu. Mjomba ndiye aliyelikata, kwa panga, walipokuwa watoto wakichanja kuni.

Alikuwa mdogo wake Mwanaidi. Mama yangu mdogo. Miaka miwili nyuma, pale Kibiti, mjomba ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

"Mwanaidi," akaita.

Akageuza uso. Akafumbua mdomo. Ulimi haukuwemo.

"Mgeni, huyo si wako."

Sauti ilitoka mlangoni, ndogo, ya upole. Mwinyimvua alikuwa amesimama pale na kanzu nyeupe, panga mkononi. "Mwachie. Mwende zenu salama."

Yensi hakumwachia. Panga likashuka mara moja. Yensi akaanguka chali. Mkono wake, kuanzia kiwiko, ulibaki juu, vidole bado vimemshika Mwanaidi.

Mjomba akamrukia Mwinyimvua. Wakagaagaa kwenye pumba. Mjomba alimpiga kichwa, pua ikapasuka. Mwinyimvua akamchana bega mpaka mfupa ukaonekana. Kisha akatamka neno moja ambalo mjomba hakulielewa. Gurudumu likasimama. Watano wakaachia mipini, wakaja. Mikono ya baridi ikamshika miguu. Kifua. Shingo. Ikakaza.

Wa sita hakuja. Mwanaidi aliubandua mkono wa Yensi, akauweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akamwendea Mwinyimvua. Akaikamata kanzu yake, akaipitisha chini ya mkanda. Akarudi kwenye gurudumu. Akalizungusha peke yake.

"Mwanangu," Mwinyimvua akanong'ona. "Mwanangu, basi."

Kanzu ikavutwa. Kisha mkono. Kisha bega. Mjomba alisema mfupa wa mtu ukivunjika kwenye mashine unalia kama muwa. Mwanaidi hakuacha. Kichwa kikafika kwenye mkanda. Hakuacha. Mchele uliolundikwa chini ukawa mwekundu.

Ndipo ile mikono ikamwachia mjomba.

Waumini walipotoka msikitini waliwakuta majeruhi wawili na maiti moja. Watu sita hawakuwepo. Sakafuni kulikuwa na magunia sita, yamekunjwa vizuri. Mkono wa Yensi ulitafutwa mpaka alasiri, haukuonekana.

Yensi alipona, akarudishwa kwao. Mjomba alikaa mahabusu miezi tisa kwa kesi ya mauaji, akaachiwa kwa kukosa shahidi. Askari waliokwenda kukagua walisema wanaume wanane walijaribu kulisogeza lile gurudumu. Halikutikisika.

Bibi yangu Rukaiya, mama yao mjomba na Mwanaidi, hakuwa na habari ya lolote. Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya taarifa kufika Kibiti, aliitwa makaburini. Kaburi la Mwanaidi lilikuwa limefukuliwa na kufukiwa upya, udongo bado mbichi. Nyayo za miguu mitupu zilitokea njia ya Nyamisati, zikaishia pale. Za kurudi hazikuwepo. Pembeni mwa nyayo kulikuwa na mburuzo mpana, wa kitu kizito kilichovutwa kutoka mbali. Nao uliishia palepale.

Mwinyimvua alikuwa amezikwa kwao Kitunduni jioni ya Ijumaa ileile. Ndugu zake waliapa hivyo. Bibi alichukua jembe akaongeza udongo, kisha akaomba mawe, akapanga mawe.

Mpaka leo hakuna aliyefukua kutazama, huku wala kule.