Tundu Lililozibwa

Giza lilikuwa linaanza kuingia mama mwenye nyumba aliponituma bandani nikamwite mama mdogo aje ale.

Mama mdogo, anayemfuata mama yangu kuzaliwa, alikuwa muuguzi mstaafu, na safari zake hazikuwa za haraka. Alichagua kijiji kimoja cha wavuvi, akapanga chumba, akakaa. Hakupiga picha bila kuomba. Hakumpita mtu bila kumsalimu. Mimi nilikuwa nimekuja kumchukua; kesho yake tungerudi nyumbani.

Nilimkuta kwenye banda la nyavu, sindano ya kushonea mkononi, anatabasamu.

"Wavuvi wameshaondoka na wavu," alisema. "Wamenifundisha kushona tangu nilipofika, nikaona niwaage kwa zawadi. Kulikuwa na tundu pembeni, karibu na boya la mwisho. Nimeliziba, wala hawajagundua."

Tulirudi tukicheka. Mama mwenye nyumba alikuwa anapakua chakula.

"Huyu mgeni akikaa mwezi mwingine tutamtafutia mume," alisema. "Ulikuwa unashona nini mpaka giza, dada?"

Mama mdogo akamweleza.

Upawa ukaanguka.

"Lile si la kutoboka," alinong'ona. "Tunaliacha."

"Mnamwachia nani?"

"Wa kwetu ambao hatukuwazika. Waliobaki majini. Wanapita hapo. Wasipopita..."

Hakumaliza. Ufukweni watu walikuwa wanapiga kelele. Mashua zilikuwa zimerudi mapema mno.

Kisha kelele zikakatika. Zote kwa pamoja.

Tulitoka. Wavu ulikuwa mchangani, hauna hata dagaa mmoja. Lakini ulikuwa umetuna, kama umebeba mtu mzima aliyejikunja. Ndani hatukuona kitu. Tulisikia harufu tu, ya tope la chini kabisa, tope ambalo halijawahi kuona jua. Nahodha alikata kamba kwa kisu.

Wavu ukanywea.

Mchanga ukalowa mahali pamoja, umbo la unyayo. Kisha mwingine mbele yake. Nyayo zilikuwa zinakuja kwetu.

Mama mwenye nyumba alitukokota ndani akafunga komeo.

"Akibisha, msiitikie. Hata kukohoa, msikohoe. Anamtafuta aliyemfungia njia."

Maji yakaanza kupenya chini ya mlango.

"Hodi..."

Sauti ya chini, ya kijana aliyechoka. Mama mdogo alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hodi, wenyewe... Nasikia baridi."

Maisha yake yote alikuwa ameamka kila mgonjwa alipoita. Niliona mikono ikishuka, polepole, kama si yake.

"Karibu, mwanangu," alisema.

Alilifungua komeo mwenyewe. Nje hapakuwa na mtu. Aliinamisha kichwa, kama anayemsikiliza mtu mfupi kuliko yeye.

"Anaomba nimsindikize," alituambia. "Sasa nitamkataliaje?"

Nilimshika mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umenyooka mbele yake, vidole vimebanwa na kitu nisichokiona. Nilivuta. Nahodha na wenzake wakaja mbio, wakanisaidia kuvuta. Tuliburutwa sote mpaka maji yakafika kiunoni. Kisha mkono wake ukawa wa baridi, ukateleza kama samaki, ukachomoka.

Hakupiga kelele. Nilimsikia akimuuliza, kwa adabu yake ileile, kama kwao ni mbali.

Asubuhi niliwaomba watandaze nyavu tumtafute. Nahodha alisema watatandaza, ila tundu watalifungua kwanza. Akija, atapita.

"Na mkiliziba?"

Mama mwenye nyumba ndiye aliyejibu, bila kunitazama.

"Atatoka. Na yeye ataomba wa kumsindikiza."

Nyumbani niliyasimulia kama yalivyotokea, bila kupunguza neno, maana mama alitaka kujua yote yaliyompata mdogo wake. Hakulia. Aliniuliza tu tundu lenyewe lilikuwa kubwa kiasi gani. Nilimwonyesha kwa mikono.

Nimemsihi. Kaka zangu nao wamemsihi. Anatusikiliza mpaka tumalize, anatukaribisha chai, kisha anarudi uani kwenye uzi na sindano.

Anajifunza kushona nyavu.