Karata Isiyokuwa na Uso

Mume wangu alisahau kununua mishumaa. Ndiyo sababu nilikuwa kichochoroni Ijumaa ile, jua likikaribia kuugusa mlima Meron, wakati mji wetu mzima wa Safed unafunga milango kuipokea Sabato.

Mishumaa nilipata. Ningegeuka nikaenda zangu nyumbani, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Lakini duka la Mzee Peretz lilikuwa wazi.

Peretz huuza vitabu vikuukuu, na Ijumaa hufunga saa saba mchana. Nilijua hivyo. Nikaingia tu, maana kwa miezi mitatu nilikuwa natafuta karata za taroti. Si za kupigia ramli, ingawa wengi huzitumia hivyo. Nilikuwa najifunza Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, na wanawake wenzangu kwa Mama Alegra, na zile njia ishirini na mbili za mchoro wa Mti wa Uzima, kila njia na herufi yake ya Kiebrania, zilikataa kukaa kichwani. Nikasikia kwamba karata kuu za taroti nazo ni ishirini na mbili. Ukizipanga juu ya Mti, hutasahau tena. Mama Alegra alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa.

"Ukitaka picha, Ruhama, nunua kalenda! Herufi hazichezewi, mwanangu."

Mle dukani kulinukia mshumaa uliozimwa sasa hivi. Mshumaa wenyewe sikuuona.

Nyuma ya meza alikaa mwanamke mwenye kitambaa cha kijivu kichwani. Simjui.

"Karibu, dada," akanong'ona.

"Mzee yuko wapi?"

"Anaoga. Si Sabato hiyo inaingia?"

Jibu la kawaida kabisa. Nikatulia. Nikamweleza shida yangu, naye akaweka mezani seti tatu, kama vile alikuwa ananingoja.

Ya kwanza ilikuwa na picha za kupendeza, zimenakshiwa dhahabu. "Hii haina herufi hata moja," akasema. "Ya kutazama tu." Ya pili ilikuwa na herufi. Nikazikagua mwenyewe: zilipachikwa ovyo, ya tano mahali pa kumi. Nikairudisha.

Ya tatu ilikuwa imefungwa kwa kitani cheupe.

Nikaifungua. Zilichorwa kwa mkono. Kila karata ina herufi yake juu, mahali pake sawasawa, na chini yake uso wa mtu aliyefumba macho. Wanaume, wanawake. Chini ya kila uso, jina la mtu na jina la mama yake.

"Hii ndiyo," nikasema. Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Lazima imfae msomaji," akanong'ona. "Nipe jina lako na la mama yako, nihesabu herufi zake."

Kwetu mgonjwa huombewa hivyo, kwa jina lake na la mama yake. Sikuona ubaya.

"Ruhama binti Fortuna."

Akatoa karata ya mwisho, ya herufi Tav. Haikuwa na uso. Akaanza kuandika kwa ukucha, bila wino... na maandishi yakatokea.

Kila alipomaliza herufi moja, kidole changu kimoja kilikufa ganzi.

Macho yangu yakashuka kwenye karata zilizotandazwa. Herufi Pe. *Bekhor mwana wa Sarina.* Mwokaji wetu, mwenye kovu lile lile kidevuni. Tulimzika majira ya baridi.

Nikaitazama tena ya kwangu. Uso ulikuwa unajichora. Pua yangu. Mdomo wangu. Macho yalikuwa bado wazi.

Yakapepesa.

King'ora cha Sabato kikalia juu ya mji. Yule mwanamke akainua kichwa kusikiliza. Nikakimbia.

Sijui nilifikaje kwa Mama Alegra. Mkono wote wa kulia ulikuwa baridi kama jiwe la kaburi, na baridi ilikuwa inapanda. Nilipomwambia, hakucheka.

"Ulimpa na jina la mama yako?"

"Nilimpa."

"Mjinga wee!" Akanikalisha, akawaita majirani wawili wasome Zaburi, akafungua Maandiko bila kuangalia, akaweka kidole. "Sera," akasoma. "Haya, jina lako ni Sera. Ruhama hayupo. Hata mumeo asikuite tena Ruhama. Umesikia, Sera?"

"Nimesikia."

Baridi ikasimama begani. Kisha, pole pole, ikaanza kushuka.

"Mauti hutumwa kwa jina," akasema huku akinisugua. "Akija, hamkuti mwenye jina."

"Akimkosa, anarudi mikono mitupu?"

Mama Alegra akauinamia mkono wangu. Aliendelea kusugua.

Jumapili Peretz aliniapia kwamba alifunga duka saa saba, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Karata za taroti hajawahi kuuza.

Nilipotoka kwake niliona tangazo la msiba ukutani, gundi bado mbichi. *Ruhama.* Mgeni kutoka Ashdodi, aliyekuja kula Sabato kwa dada yake. Ameaga Ijumaa jioni.

Nikajiambia, majina hufanana. Mama yake atakuwa mwingine.

Jumatatu nikaenda matangani. Vioo vilifunikwa shuka, wafiwa wamekaa chini. Mwombaji akasimama, akaomba pumziko kwa roho ya Ruhama binti Fortuna.

Nilishika ukuta.

Binti wa marehemu, msichana wa miaka kama ishirini, aliniletea maji. "Hakuwa mgonjwa," aliniambia, kana kwamba nilimuuliza. "Alikuwa anakata matango tu. Akasema, mbona vidole vimekufa ganzi? Akaketi. Basi."

"Pole, mwanangu."

"Asante. Wewe ulimjua mama?"

"Hapana."

"Na umekuja!" Machozi yakamtoka. "Mungu akubariki. Unaitwa nani, nikukumbuke?"



"Sera," nikasema.

Akaniegemea kifuani, akalia kama mtoto, akilirudia jina hilo na kunishukuru. Nami nikamshikilia, sikuthubutu kumwachia, sikuthubutu kusema.